Nyufa za Ubavuni

Asubuhi hiyo mjini Lodwar nilipiga magoti nyuma ya ghala la tajiri wangu, nikapitisha kiganja ubavuni mwa tairi za trela. Jua lilikuwa halijazipasha moto, na ni wakati huo tu ambapo kipima upepo husema kweli. Upepo ulitosha. Meno yalikuwa marefu, maana trela yenyewe ilitoka mara chache. Lakini ilikuwa imesimama juani miaka mingi, na ubavuni mpira ulikuwa umefanya nyufa nyembamba kama kisigino kilichokosa mafuta. Nikasoma zile tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. Tairi zilimzidi umri kitinda mimba wangu, na yeye yuko darasa la tatu.

Nikamwita tajiri aje aone.

"Hizo ni mpya," akasema. "Angalia meno."

"Meno si shida, mzee. Mpira umekauka. Tukibebesha mzigo na lami ikapata moto, itapasuka."

"Kama unaogopa, sema nitafute dereva mwingine."

Kazi ya udereva Lodwar haiokotwi njiani, na nyumbani kulikuwa na watu wa kula. Nikaifunga trela nyuma ya pikapu.

Pikapu ilijaa saruji ya tajiri ya kupeleka Kakuma. Trela ilibeba mashine ya kusaga unga na injini yake, mali ya mama mmoja Mkongomani, mjane, anayeishi kambini Kakuma. Alikuwa ameileta Lodwar kutengenezwa. Akaketi kando yangu, mfuko wa mandazi mapajani.

"Papa," akaniita, kama wanavyowaita wanaume kwao, "mashine haitaanguka?"

"Nimeifunga vizuri, mama."

Hilo lilikuwa kweli. Habari ya tairi niliimeza.

Tulikuwa tumevuka laga kadhaa, ile mito ya mchanga inayokaa mikavu hadi mvua inyeshe milimani, niliposikia mlio mkubwa nyuma na usukani ukaanza kucheza mikononi. Sikugusa breki, maana ukikanyaga ghafla, trela hukusukuma na kukupindua. Niliinua mguu, nikashika usukani sawa, nikaacha mwendo ufe wenyewe. Tulisimama pembeni, trela imelalia upande. Tairi ya kushoto ilikuwa matambara.

Tairi ya akiba ya pikapu ilikuwapo, lakini pikapu hufungwa nati sita na trela nati tano. Ya trela haikuwahi kununuliwa. Simu haikuwa na mtandao. Nikatembea hadi laga iliyo mbele, nikakuta maji ya rangi ya udongo yakikokota miti mizima. Mvua ilikuwa imenyesha milimani. Niliporudi, ile ya nyuma tuliyokuwa tumeivuka nayo ilikuwa imejaa. Tukabaki kwenye kipande cha barabara katikati, hakuna wa kuja na hakuna pa kwenda.

Mama alikuwa amechuchumaa, kipande cha mpira mkononi.

"Hii ilikuwa imezeeka," akasema. "Ulikuwa unajua?"

Ningeweza kumdanganya.

"Nilijua, mama. Niliiona asubuhi."

Akakiweka kile kipande chini.

"Kwetu nilitoka na watoto tu, na hii mikono. Mashine nimeipatia hapa. Ungeniambia, ningengoja."

"Tajiri angenifukuza."

"Kuogopa nakujua, papa. Lakini umeogopa wewe, na mzigo ni wangu."

Nilitamani anitukane. Badala yake alinigawia mandazi, akaenda kukaa upande wa pili wa trela, nisimwone. Tulilala hivyo, yeye ndani ya gari, mimi chini ya trela. Maji yalinguruma pande zote mbili, na mimi nikiyasikiliza niliona kwamba tangu asubuhi sikuwa nimeamua jambo hata moja mwenyewe.

Kesho yake mchana maji ya mbele yalishuka. Nikamwambia mama tuifungue trela tuiache, twende Kakuma tutafute tairi.

"Mimi siachi mashine."

Hapo likavuka lori lililotoka Lokichoggio, limebeba vijana wengi juu. Tukasalimiana kwa Kiturkana, ejok, ejok. Nikawaomba wanisaidie. Tulishusha saruji yote ya tajiri, tukainua mashine tukaiweka kwenye pikapu, kisha saruji tukaipanga juu ya trela na kuifunika turubai, tukaiacha pale pembeni. Tajiri sikumwuliza.

Jioni mama aliishusha mashine mlangoni pake salama. Akanishukuru kwa neno moja, akaingia ndani.

Niliporudi na tairi siku ya pili, mvua ilikuwa imepenya turubai na mifuko ya chini imekuwa mawe. Nilipofika Lodwar, tajiri alifoka mbele ya wateja. "Nani alikupa ruhusa?" Nikamjibu hakuna, na kwamba trela hiyo sitaivuta tena mpaka ile tairi kuukuu ya kulia nayo itolewe. Akanisimamisha wiki mbili. Mteja mwingine alipokuja na mzigo na dereva hakupatikana, tajiri alinunua tairi mpya, pamoja na ya akiba.

Bado namfanyia kazi. Yule mama nakutana naye sokoni Kakuma. Ananisalimu na kuuliza hali ya watoto. Vipuri vya mashine yake siku hizi huviagiza kwa gari jingine.