Malkia Aliyepelekwa Ziwani

Bhanwar alizaliwa katikati ya ngoma na kamba. Watu wa ukoo wake pale mjini Nagaur kazi yao ni vikaragosi vya mbao: mume anavichezesha kwa kamba vidoleni, mke anaimba na kupiga ngoma. Zamani hawakuwahi kulala njaa. Kisha watalii wakakata mguu, harusi zikawa za kubana matumizi, na uchaguzi ukaja kumalizia. Bhanwar alikubali kuchezesha kwenye mkutano wa mgombea mmoja; akashinda yule mwingine, kwa kura za kugombaniwa, na tangu hapo wenye uwanja wa maonyesho, watu wa mshindi, wakawa wanamfukuza. "Nenda kwa bwana wako akulishe!" Siasa hizi, jamani! Mtu anatafuta unga, wao wanatafuta adui.

Aliuza kikaragosi kimoja kimoja mpaka akabaki na malkia, aliyechongwa na babu wa babu yake. Lalchand, aliyeuzia mahoteli vitu vya kale, alimtaka kwa udi na uvumba.

"Muuze, Baba Kisan," alisema Gomti, mkewe. "Jana watoto wamelala na maji matupu."

"Malkia akaning'inizwe ukutani hotelini? Sisi kikaragosi kikizeeka tunakiimbia, tunakipeleka majini. Hujui?"

"Najua. Na wanao, nao niwapeleke majini?"

Yalimchoma, lakini hakubadili nia. Ukaidi wa wasanii!

Asubuhi alimbeba malkia hadi ziwani, akamwimbia, akamwachia. Kwao, kikielea muda mrefu, miungu imeridhika na kazi yake. Malkia alielea, sketi nyekundu imetanda, upepo ukamsukuma ng'ambo kwenye matete mpaka asionekane tena. Bhanwar alilia kama aliyefiwa, kisha akazurura mjini hadi njaa ikamrudisha nyumbani.

Alikuta mikate ya uwele, ya moto, imepakwa samli. Watoto walikuwa wanaigombania. Gomti alikaa jikoni, nguo zimelowa mpaka kiunoni, miguu imejaa matope.

"Unga umetoka wapi?"

"Kwa Lalchand."

"Mama Kisan! Umemtoa majini?"

"Alielea vizuri sana, mume wangu," Gomti alisema. "Akaja mpaka pale niliposimama."

Gomti akamwekea mkate mbele yake. Bhanwar akaketi, akala. Mkate ulikuwa mtamu, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.