Safari ya Dubai Niliyojialika

Jamani, nimejiaibisha. Mdogo wangu Zainabu anafanya kazi za ndani Dubai, na siku zote ananiahidi kwamba ipo siku nami nitafika nikayaone yale maghorofa. Wiki iliyopita akanitumia ujumbe wa sauti: "Dada, Jumamosi uje uwanja wa ndege Mtwara. Usikose. Mengine tutaongea tukionana."

Sikumuuliza neno. Pasi ya kusafiria ninayo, nikajua tiketi imeshakatwa. Newala nzima nikaitangazia. Nikashona gauni, nikanunua begi, nikapokea maagizo ya manukato na mitandio. Jirani yangu Mama Asha akaja kunisindikiza.

Uwanjani nilisimama nikimtafuta mtu wa kunikabidhi tiketi. Ndege ikatua, abiria wakatoka. Wa mwisho alikuwa Zainabu, amekonda, anasukumwa kwenye kiti cha magurudumu.

"Shikamoo, dada."

Ujumbe ule niliusikiliza mara kumi, na mara zote kumi sikusikia kwamba sauti ilikuwa ya mgonjwa.

Akaliangalia gauni, kisha begi.

"Kumbe unasafiri, dada? Mimi nilidhani umekuja kunipokea."