Dawa Iliyoachana na Maji Yake

Ni mwaka ule tuliokula ugali wa wimbi mpaka hata ndoto zangu zikawa na rangi ya udongo, kwa sababu mvua ya Elnino iliozesha mahindi shambani. Hapa Kimulot ukungu uliingia hadi jikoni, ukakaa nasi kama mgeni asiyejua kuaga. Mjukuu wangu wa kwanza alikuwa na miaka minne. Ngozi ya viwiko na magoti ilimpasuka, akajikuna mpaka nguo ikashika damu.

Mwenye duka la dawa sokoni alimchanganyia ya kupaka. Aliweka krimu nyeupe juu ya kioo, akanyunyiza unga wa kulainisha magamba, akazungusha kisu polepole. Nilitazama ule weupe ukizunguka nikasahau nimesimama wapi. Nikaona mawingu juu ya majani chai, yanakuja, yanarudi.

Kopo la kwanza la dawa ile lilimsaidia mtoto. Lilipoisha nikarudi. "Ongeza ule unga, baba. Zidisha." Mimi sikusoma, lakini kuamuru najua. Alisitasita, akazidisha.

Siku ya tisa nikafungua kopo hilo jipya: maji juu, chengachenga chini. Nikambeba mtoto mgongoni, tukarudi dukani kwenye matope.

Yule bwana akacheka. "Kogo, bibi yangu, kwani mursik unatengeneza na nini? Maziwa yakijitenga kwenye kibuyu si unatikisa tu? Hata hii tikisa."

Wamama waliosubiri dawa wakacheka pia. Mimi! Mursik yangu, maziwa lala ya kibuyu, inasifiwa mpaka Sigor. Maziwa yakijitenga natikisa, ndiyo, yote yanaenda tumbo moja. Lakini hii, hata nikitikisa, kidole kimoja kitachota maji matupu, kingine kichote unga wote, kwenye kidonda. Nikachota ile ya chini, nikajipaka mkononi palipokwaruzwa na matawi ya chai shambani. Ikauma kama siafu.

"Kosa ni langu, mimi nilisema uzidishe," nikamwambia. "Lakini ona, unga umefukuza maji."

"Ukizidi, krimu inashindwa kuushika," akakubali. "Lakini bado ni dawa, kogo. Tikisa umpake."

Mtoto alikuwa amelala, pumzi yake ya moto shingoni mwangu. Nje milima ilikuwa imepotea yote.

"Mtoto huyu si kibuyu. Simpaki."

"Hata kidogo tu, kogo? Mpaka kesho nichanganye ingine?"

"Mtoto huyu si kibuyu. Simpaki."