Sindano Nane za Kifungo

Fundi alikuwa na majivuno yake, na wala hakuyaficha. Mteja akisimama mlangoni, yeye anataja kiuno na urefu kabla tepu haijatoka shingoni. Koti alilomshonea mwalimu mkuu mwaka uliopita alilisimulia mpaka majirani wakalichoka. Sasa mtu wa namna hiyo umwambie avae miwani! Mkewe alijaribu mara moja tu, akanuniwa siku mbili.

Aliyeugua ni paka wao, Kifungo. Maji anakunywa bakuli zima, anakojoa ovyo, anakula na bado anakonda. Daktari wa wanyama akampima damu, akasema ni kisukari. Achomwe insulini, yuniti mbili asubuhi na mbili jioni, baada ya kula. Akikataa chakula, wampigie simu kwanza; akilegea ghafla, wampake asali kwenye fizi na wamlete mbio.

Wakagawana kazi. Mke anavuta dawa, Fundi anachoma. "Wewe ndiye mwenye mkono mwepesi," mke alisema, na kweli, Kifungo hakutikisa hata sikio. Miezi mitatu haikuisha, akanenepa na kurudi kulala juu ya vitambaa vya watu.

Ndipo binti yao akajifungua, na mke akafunga safari ya siku nne. Kabla ya kuondoka alijaza sindano nane, akazipanga kwenye friji. "Nimekujazia usihangaike, baba," akasema. Fundi akacheka kimoyomoyo. Mwanamke huyu, kwa kudekeza watu!

Siku ya nne akapiga simu: mjukuu ana homa kidogo, ataongeza siku mbili. "Mwombe yule jirani muuguzi akuvutie dawa."

"Ya nini? Mimi na sindano tumeanza kujuana leo?"

Asubuhi yake Kifungo alikula vizuri. Fundi akasogea dirishani, akavuta dawa mpaka pale macho yake yalipomwambia ni mstari wa pili, akamchoma.

Saa nne hivi akamkuta chini ya cherehani, miguu imelegea, kichwa kinayumba. Fundi alikumbuka maagizo ya daktari, akampaka asali kwenye fizi kwa kidole, akamfunga kwenye kipande cha bitana na kutoka mbio, tepu ingali shingoni. Alimpenda paka yule, basi, na njia nzima alikuwa akimwomba asife.

Daktari alimwekea dripu. Ilipofika alasiri Kifungo akainua kichwa, akaanza kujilamba asali.

"Ulimpa ngapi?" daktari akauliza. "Kama ni mbili, basi dozi ni kubwa kwake, itabidi tuipunguze."

Mbili. Neno lilikuwa mdomoni tayari, na hakuna ambaye angejua. Lakini dawa ikipunguzwa bure, Kifungo atarudi kukonda. Na jioni nani atavuta?

"Sijui nilimpa ngapi," Fundi akasema. "Ile mistari siioni, daktari. Mwaka wa pili huu sioni vizuri." Aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka. Daktari aliandika tu kwenye kadi, akamwambia paka atalala pale mpaka kesho.

Jioni alimpigia mkewe akamweleza yote, akingoja kusemwa.

"Najua, baba watoto," mkewe akasema taratibu. "Unadhani nilikujazia zile nane kwa nini?"

"Umejua tangu lini?"

"Tangu koti la mwalimu mkuu. Ulipokwenda kuchukua vifungo, nililifumua mabega yote nikalishona upya."

Fundi alikaa kwenye kiti cha cherehani. Koti lile! Ni nani ambaye hakumsimulia habari zake?

"Lilitoka vizuri," alisema mwishowe.

"Lilitoka vizuri sana."

"Ukirudi," akasema, "unisindikize kupima macho."