Majina Niliyoyarudisha

Harufu ya wino wa mashine ya kopi hunirudisha nyuma hadi leo. Nikipita mbele ya duka la kopi, najikuta nina miaka kumi na mmoja tena, niko Fordsburg, mjini Johannesburg, mwaka 2017, nimekumbatia rundo la vijitabu vyenye joto kama mkate, kichwa kimenivimba kwa fahari.

Vilikuwa vya shangazi yangu aliyenilea. Katika mtaa wa Hillbrow alisuka watu nywele ili tule, lakini kazi yake hasa ilikuwa wanawake waliokimbia Kongo na Burundi. Aliwasindikiza kliniki, akapanga nao foleni za karatasi za ukimbizi, na kila Jumamosi akawakusanya katika ukumbi wa kanisa kule Turffontein, wasome na kusimulia. Alikuwa ameshaandika kitabu chake, wakamwita Mama Vitabu, na sasa alitaka nao wawe na chao. Wao walisimulia, yeye aliandika daftarini kwa mkono, mimi nikachapa kwenye kompyuta ya shule.

Katika kuchapa nikaona shangazi kakosea. Kulikuwa na fundi cherehani, mama mpole aliyenishonea sare. Jina lake silitaji; nilishalitaja mara moja, yatosha. Alikuwa amemkimbia mume aliyemtesa, na daftarini shangazi alimpa jina jingine, kama wenzake wote, tena akamhamishia Pretoria. Mimi nilijua anakaa Turffontein, nyuma ya uwanja wa mbio za farasi. Nyumbani, kila nilipokana kwamba nimelamba sukari, shangazi aliniambia njia ya mwongo ni fupi. Basi nikamsahihishia. Wote nikawarudishia majina yao na mitaa yao, wala sikumwambia. Nilitaka aone mwenyewe anifurahie. Naye aliniamini, hakusoma upya.

Jumamosi vijitabu vikagawiwa. Shangazi akafungua chake asome, kidole kikasimama juu ya mstari. Kisha akaomba vyote virudishwe, kwa sauti ya chini, bila kueleza. Viwili havikurudi. Wenyewe walikuwa wameshaondoka.

Kimoja kilisomwa kwa sauti kwa kinyozi mmoja Hillbrow, watu wakicheka, na yule mume alikuwa pale kitini ananyolewa. Hakuna kati yetu aliyejua kwamba naye yuko Johannesburg. Alimfuata Turffontein, akamvunja mama wa watu mkono wa kulia, ule wa kushika mkasi, mbele ya watoto wake. Alipotoka hospitali, mama huyo alihama, na hakumwambia mtu aendako.

Wanawake wakajaa chumbani kwetu. Mmoja, ambaye shangazi ndiye aliyemfundisha kusoma, alimwita mwuza siri za watu. Wakataka kujua ni nani aliyeandika majina yale. Nilikuwa nimekaa kitandani. Shangazi hakunitazama.

"Ni mimi njo niliyaandika," alisema kwa Kiswahili chetu cha Kongo. "Musitafute mwingine."

Mikutano ikafa. Hawakuja tena kwake, hata kusukwa. Mimi hakunipiga wala hakuniuliza kitu. Alinipakulia ugali kama kawaida, nami kwa akili yangu ya kitoto nikashukuru kwamba hajajua.

Nilikuja kuelewa nikiwa mkubwa, naye keshazikwa. Alijua tangu ukumbini. Uongo wa daftarini niliomfutia ulikuwa wa kuwalinda watu, na siku ile aliongeza mwingine mmoja: aliondoa jina langu, akaweka lake. Nami nilikaa pale kitandani, nikamwacha alibebe kosa langu.