Wifi Ananiita Siku za Ukungu Tu

Admin, nifichie jina langu, maana wifi yangu yumo humu humu na anasoma kila kitu.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 33, nauza mchele hapa Tunduma. Wateja wangu wengi ni kina mama wa ng'ambo ya mpaka. Mume wangu aliugua, mtaji ukaisha, na wa kunikopesha ni mama mkwe tu, mkulima wa kahawa kule milimani Mbozi.

Mama mkwe namjua. Jua likiwaka anacheka na anatoa hela bila maswali. Ukungu ukishuka au mvua ikinyesha magoti yanamuuma, anajifunika blanketi na kila biashara anaiona imekufa. Tunduma kunaweza kuwa na jua na vumbi, huku kwake hata jiko halionekani. Kwa hiyo namtegemea wifi, anayeishi naye, anipigie simu.

Kila akiniita ni hivi: "Wifi, njoo leo, mama ameamka vizuri." Nikifika, ukungu, na mama yuko kwenye blanketi. "Mwanangu, mpakani kuna nini siku hizi? Utapoteza bure." Nikawa nasema ni bahati yangu mbaya.

Juzi nilipita bila kuitwa, natoka msibani. Jua kali. Mama akanipokea kwa furaha, halafu akanilaumu: "Una dharau wewe! Kila jua likitoka namwambia wifi yako akuite, anasema umebanwa na wateja. Sasa hela nimempa yeye, anataka kufungua duka. Subiri chama kitulipe malipo ya pili ya kahawa, ndipo nikukopeshe." Nikaogopa kumchongea binti yake, nikaaga.

Nimerudi, mwenye fremu ninayouzia mchele ananiambia nisipolipa mwezi huu kuna dada mwingine anaitaka. Jina hataki kunitajia. Nimemwambia mume wangu wasiwasi wangu, akafoka: "Una wivu na mdogo wangu!" Mume wangu ndiye aliyemlea huyo wifi.

Leo asubuhi wifi kapiga: "Malipo yametoka. Wahi wifi, huku jua linachoma!" Nyuma ya sauti yake nikasikia mvua inapiga bati mpaka maneno yakawa yanapotea.

Nikienda, mama atakataa. Nisipoenda, ataambiwa nimeitwa nikaringa. Jamani, nipande gari au nibaki? Nishaurini haraka, nimeshamjibu wifi kwamba nakuja.