Kicheko Alipohamia Chumba cha Vifungo

Fundi cherehani huyu walimwita Kicheko, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Akicheka, bati la karakana lilitetemeka. Aliyemchekesha ni shoga yake wa cherehani ya pili, Mshona Kola, mwanamke mwenye ulimi uliowahi kumfanya mkaguzi wa kodi aage bila kukagua.

Kisha Kicheko akajifungua mapacha, kilo tatu kila mmoja. Alipewa pongezi zote, maelezo hakupewa. Siku aliyorudi kazini, Mshona Kola akamwigiza bosi anavyotafuta miwani aliyoivaa. Kicheko akacheka. Sketi ikalowa, mto wa kiti ukalowa.

Angesema nini? Kuna maradhi ya kuhadithia wageni, kama presha. Tatizo hili halina heshima hiyo. Akamwendea bosi.

"Naomba nihamie chumba cha vifungo. Yule mwenzangu ana domo, kazi haiendi."

Bosi, ambaye habari za miwani zilikwisha kumfikia, akamfokea Mshona Kola mbele ya karakana nzima. Kicheko alisikia kila neno kupitia ukuta, akainamia vifungo vyake.

Ikapita miaka sita. Sketi nyeusi tu, maji hanywi, na kikohozi kikimjia anabana miguu kama askari wa gwaride. Wakipishana mlangoni na Mshona Kola ni "habari", "nzuri", basi.

Mgongo ndio uliompeleka kliniki. Huko akakutana na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti mdogo asiyezunguka mbuyu.

"Mama, ukikohoa mkojo hautoki?"

"Kidogo."

"Hiyo ni misuli ya sakafu ya nyonga, ndiyo inayoshikilia kibofu. Uzazi umeilegeza. Haya, ikaze."

Kicheko akabana pumzi, akatoa macho.

"Hayo ni makalio, mama! Kaza kama unazuia upepo mbele ya wakwe, halafu vuta kwa ndani, juu. Na upumue, wakwe wasishtuke."

Akakaza, akalegeza, mara tatu kwa siku, papo hapo kwenye cherehani, na hakuna aliyejua. Miezi mitatu baadaye akakohoa: kavu. Akaruka kamba na mapacha: kavu. Miezi mitatu tu! Alitamani kulia.

Akaenda kwa Mshona Kola, akavuta kigoda, akatapika yote, hadi uongo aliompelekea bosi.

"Mkojo?" Mshona Kola akauliza.

"Mkojo, shoga yangu. Nisamehe."

"Mimi nilijua mdomo wangu una sumu. Nikaufunga. Hapa, nyumbani, kila mahali. Mume wangu akadhani nimeokoka."

Kicheko kikamponyoka, kikubwa, kikavu, bati likatetemeka. Mshona Kola akamtazama mpaka kikaisha chenyewe.

"Sikusema ili ucheke, dada."

Dada, si shoga. Mshona Kola akavuta kola nyingine, akakanyaga cherehani.